Ngamia wangu hataki kupiga magoti, nifanyeje?

MfugajiBahi: Wakuu, habari za jioni. Nina ngamia jike wa miaka 4, nilimtoa Longido. Nataka abebe mtu na akimbie. Kila nikivuta kamba ashuke, ananguruma na kunitemea majani aliyocheua, usoni kabisa. Msaada jamani.

BabuHombolo: Kijana wangu, acha kuvuta. Nilitunza ngamia miezi 8 karibu na Alice Springs, Australia. Kule mbio huanza ngamia wakiwa wamepiga magoti mchangani, kwa hiyo kushuka ndilo somo la kwanza. Neno lao ni "hushi", walilirithi kwa wachungaji walioletwa pamoja na ngamia kutoka Asia karne ya 19. Liseme kwa upole, gusa goti la mbele kwa kifimbo. Akishuka hata nusu, mpe tawi la mgunga. Usimpige! Hasahau, nami naumia nikiona mnyama mzuri hivyo akiharibiwa.

MamaNala: Na masika usimkimbize kwenye tope la mbugani. Nyayo zake zinateleza.

MfugajiBahi: Asante babu, asante mama. Kesho alfajiri naanza na mgunga.