Tupeane uzoefu: wenye muungurumo sikioni, usiku mnalalaje?

Lori la Usiku: Wakuu, siongelei ule mlio wa "nziii" kama wa nyenje. Wangu mzito, kama lori la mchanga limepaki dirishani linaunguruma na haliondoki. Mchana siusikii. Nikizima taa tu, unaanza. Kifua kinatetema, godoro nalo. Juzi nikaweka bilauri ya maji juu ya stuli, nikamulika na tochi ya simu. Maji yametulia tuli! Kumbe ninayetetema ni mimi. Nani mwenzangu?

Mama Wawili: Mimi. Kushoto. Mwaka wa sita.

Fundi Redio: Umenikumbusha dripu za kwinini. Masikio yanavuma, mtu anakusemesha unaona mdomo tu. Ule uliisha na dozi. Huu wa sasa naweka redio katikati ya stesheni, ule mchakacho unaufunika kidogo.

Chumvi Kiasi: Masikio yakivuma jua unasengenywa.

Mama Wawili: Miaka sita, hawapumziki hata kula?

Kipara: Mimi nusura niuawe. 2019, nimepanga chumba Mbagala, nikaamini kuna jirani ana jenereta anaificha. Saa nane usiku nikatoka na bukta na singlendi, natega sikio ukuta hadi ukuta. Wa tatu nikajibanza vizuri, macho nimefumba ili nisikie. Nikasikia "Mwizi!" Sungusungu hawaulizi. Najitetea "natafuta mlio jamani", mmoja akasema huyu kavuta. Mjumbe ndiye aliyeniokoa, jino moja limeshakwenda. Kesho yake umeme ukakatika mtaa mzima, hata friji hailii, na muungurumo uko palepale. Hapo ndipo nikajua jenereta ninayo mwenyewe.

Fundi Redio: 😂😂 Jino la mbele au la nyuma?

Kipara: La mbele mkuu. Nacheka nimeziba mdomo.

Mjukuu wa Bibi: Kitunguu saumu, chemsha na mafuta ya nazi, matone mawili ya vuguvugu. Mtanishukuru.

Mama Wawili: Usiwadanganye watu. Ngoma ya sikio ikiwa imetoboka, hayo mafuta yanapita mpaka ndani. Mdogo wangu alitiwa, akatoka usaha wiki mbili.

Mjukuu wa Bibi: Bibi katibu ukoo mzima.

Mama Wawili: Ndiyo maana mnaongea kwa kupiga kelele.

Mjukuu wa Bibi: Usimguse bibi yangu!

Pwani Mombasa: Mimi nikitikisa kichwa hukata kama sekunde mbili, kisha hurudi. Mke wangu asema nimekuwa mbuzi.

Asubuhi Njema: Tuacheni utani kidogo. Wangu ulikuja na sikio kujaa kama nimetoka kupiga mbizi, halafu dunia ikazunguka nikatapika ndani ya daladala. Konda akasema mama umelewa, saa moja asubuhi! Daktari wa masikio akanipima usikivu, sauti nene ndizo zilizopungua, akasema ni Ménière, ugonjwa wa sikio la ndani. Nimepunguza chumvi. Kizunguzungu kimepungua, lori bado lipo. Na kama kuna ambaye wake unadunda sambamba na moyo, achana na kitunguu, nenda ukapimwe.

Lori la Usiku: Wangu haudundi. Asante dada. Nitakwenda Jumatatu.

Fundi Redio: Kipara, na yule jirani mnasalimiana?

Kipara: Ananiita Daktari. Kila nikipita anauliza ukuta wake unaendeleaje.