Betri mwaka na nusu ishakufa, ni joto la Mombasa ama niliuziwa mbovu?

MwanaWaKisauni
Wazee salaam aleikum. Niko na Probox, betri yake saizi ya NS60, niliinunua mpya kabisa haijafika hata mwaka na nusu. Leo asubuhi natia ufunguo naskia tik tik tik tik basi, taa za dashibodi zafifia kama mshumaa. Na si mara ya kwanza, mwezi huu pekee ni mara ya tatu, ya kwanza jirani alinibusti, ya pili nikaipeleka ikachajiwa usiku mzima ikakaa siku nne tu. Nikiiacha Ijumaa jioni Jumatatu haiwaki kabisa. Nilikonunua wananambia waranti ilikua mwaka mmoja na ati huku Pwani betri haziishi, ni joto. Sasa mzee wangu alikua na pikapu huko juu Taita betri ikakaa miaka mitano hajaigusa. Safari zangu ni Kisauni Kongowea na kurudi, siku moja moja navuka Likoni. Betri inafaa ikae muda gani huku kwetu, na hii ninunue nyingine ama yaokoleka?

teksi_nyali
Pole ndugu yangu. Mi kwa teksi huu ni mwaka wa tisa, betri ikinifikisha miaka miwili na nusu nashukuru, ikimaliza mitatu nachinja kuku. Joto si kisingizio walahi. Watu hudhani baridi ndio adui juu gari za bara hukataa kuwaka asubuhi, lakini joto ndilo linaloila betri ndani kwa ndani, maji yanakauka na zile plati zinaliwa haraka, baridi inakuja tu kuonyesha kwamba betri ilikua mgonjwa kitambo. Ukingoja kaskazi ya Januari mpaka Machi halafu uegeshe juani kutwa, chini ya boneti hakukaliki. Halafu Kisauni Kongowea ni safari gani hiyo, stata inakula moto mwingi wa betri kuwasha injini na kabla alteneta, ile inayochaji betri injini ikizunguka, irudishe ushafika na ushazima. Na kule foleni ya feri injini umezima lakini redio na feni ziko juu. Nunua tu nyingine, hio ishaenda.

FundiWaya_Changamwe
Usinunue chochote bado. Teksi amesema kweli kuhusu joto na hizo safari fupi ila gari inayokufa kila ikilala siku tatu, hapo kuna kitu kinanyonya. Ukieka betri mpya itakufa vilevile na utarudi hapa kulia.

Tafuta mita ya kupima umeme, hata ile ya bei rahisi. Asubuhi kabla hujafungua mlango wala kuwasha kitu pima kwa terminali. Betri ikiwa imejaa na imepumzika inasoma volti 12.6 hivi. 12.4 robo imeondoka, 12.2 ni nusu, 12.0 ni tupu karibu. Halafu washa injini upime tena, inafaa usome kati ya 13.8 na 14.5, ikiwa chini ya hapo shida ni alteneta ama mkanda, ikiwa 15 na zaidi basi alteneta inaichemsha betri na hiyo ndio inayoikausha. Ukimaliza nambie umepata ngapi.

Na angalia imefungwa vipi. Naona Probox nyingi hapa betri imefungwa na mpira wa tyubu, yaruka ruka kwa mashimo mpaka plati zinavunjika ndani, halafu mtu alaumu duka.

Bi_Mtwapa
Samahani naingilia kati. Mimi betri yangu ni ya vifuniko sita, kuna kijana huniongezea asidi kila baada ya miezi michache na kila nikienda yuwaniambia asidi imeisha. Ni sawa kweli? Na huu unga mweupe wa kijani kwa terminali ni wa nini?

FundiWaya_Changamwe
Mama, mwambie huyo kijana aache. Asidi haiishi, kinachopotea ni maji, asidi yabaki mlemle. Kila akiongeza anaifanya iwe kali zaidi na inazila plati. Weka maji ya betri, yale yaliyosafishwa, mpaka yafunike plati na usijaze pomoni. Maji ya kisima usithubutu, ya Mombasa unayajua yalivyo na chumvi, na hata yale ya chupa ya kunywa yana madini. Kuna wanaokinga maji ya AC eti ni safi, yanapita kwa vumbi na vyuma vya ile mashine, mi siyatumii.

Unga ni ule mvuke wa asidi unaokula chuma, na hewa yetu ya bahari haisaidii. Toa waya wa hasi kwanza, wakati wa kurudisha uwe wa mwisho. Chukua beking soda na maji ya vuguvugu, sugua na mswaki mkuukuu (vifuniko viwe vimefungwa isiingie ndani), kausha, paka grisi. Vaa glavu na miwani, asidi haina adabu.

MwanaWaKisauni
Fundi nimerudi. Nimeazima mita kwa jirani. Asubuhi 11.9, injini ikiwaka 14.2.

FundiWaya_Changamwe
Alteneta iko salama. Sasa ichaji ijae kwanza, pole pole, ampea 4 ama 5 hivi. Halafu gari ikiwa imezimwa na kufungwa toa waya wa hasi, weka mita kwa ampea 10, mdomo mmoja kwa waya mwingine kwa betri. Usiwashe gari hapo wala usifungue mlango utaunguza fyuzi ya mita. Ngoja nusu saa vitu vilale. Chini ya milliampea 50 ni kawaida, alamu na redio lazima zile kidogo. Ikizidi sana chomoa fyuzi moja moja huku ukiangalia mita, ile itakayoangusha namba ndio mwizi wako.

MwanaWaKisauni
Jamani. 400. Nimechomoa fyuzi zote za ndani haikushuka, nikadhani mita ni mbovu. Kumbe kuna waya mwekundu umetoka kwa betri moja kwa moja mpaka buti, ni ile amplifaya mpwa wangu aliyoeka kwa ajili ya harusi ya dadake. Waya wa kuiamsha ameufunga kwa moto wa kudumu badala ya kuupitisha kwa redio, kwa hivyo haijawahi kulala tangu harusi. Nimekata, mita imesoma 30.

teksi_nyali
Hahaha, bibi harusi ashazaa na muziki bado wapiga 😂 narudisha maneno yangu kuhusu kununua.

FundiWaya_Changamwe
Piga hesabu, 0.4 mara saa 60 kutoka Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi ni ampea-saa 24. NS60 hata ikiwa mpya yabeba kama ampea-saa 45. Zaidi ya nusu imeondoka na gari imesimama tu. Ila ujue hiyo betri imekaa njaa miezi mingi, plati zinashika ule ukoko wa salfeti na hautoki wote. Ikijaa iache usiku mmoja imechomolewa upime asubuhi.

MwanaWaKisauni
Imelala imechomolewa, asubuhi 12.45. Nikipiga stata inashuka 9.9.

FundiWaya_Changamwe
Imezeeka kabla ya siku zake lakini itakusukuma miezi kadhaa. Ukienda kununua nyingine soma tarehe iliyopigwa kwa betri yenyewe, iliyokaa rafuni mwaka mzima usiichukue. Na mara moja kwa wiki ipeleke hata mpaka Mtwapa na kurudi.

MwanaWaKisauni
Shukran sana. Mpwa wangu anauliza kama anaweza kurudisha amplifaya akipitisha waya kwa redio. Nimemwambia akaulize kwa mamake.