Hemingway: nianzie gazetini au utotoni?

Mwanagenzi wa Tudor
Wakubwa, shikamooni. Naandikia jarida la shule maisha ya Ernest Hemingway, mwandishi Mmarekani, maneno 600 tu. Nikianza na Oak Park alikozaliwa, 1899, utoto unanimalizia nafasi kabla hajashika kalamu. Nianzie wapi? Na ni kweli alishuka hapa Mombasa?

Kalamu Baridi
Marahaba. Utoto upe sentensi moja. Anza Oktoba 1917, ana miaka 18, kwenye gazeti la Kansas City Star. Alikaa miezi kama sita, akizunguka kituo cha polisi, hospitali na stesheni ya reli. Waandishi pale walipewa karatasi ya masharti: sentensi fupi, aya ya kwanza fupi. Kisha Toronto Star; akahamia Paris mwishoni mwa 1921 akiliandikia gazeti hilo. Mwaka 1922 aliripoti vita vya Wagiriki na Waturuki, halafu mkutano wa amani wa Lausanne, Uswisi. Habari za telegramu zililipiwa kwa neno, basi neno lisilo na kazi lilitupwa. Ukilieleza hilo, riwaya yake ya 1926, The Sun Also Rises, haihitaji sifa nyingi.

Bandarini
Alishuka, tena mara mbili, na wengi huzichanganya safari hizo. Tofautisha kwa mke. Desemba 1933 alikuja na Pauline kwa meli ya General Metzinger kutoka Marseille. Januari akashikwa na ugonjwa wa kuhara damu huko Tanganyika, akapelekwa Nairobi kwa ndege. Katika safari hiyo kikatoka kitabu chake Green Hills of Africa (1935). Usikiite riwaya! Dibaji yenyewe inasema hakuna mtu wala tukio la kubuni.

Agosti 1953 alikuja na Mary. Januari 1954 ndege mbili zikamwangusha Uganda ndani ya siku mbili, magazeti yakamtangaza marehemu. Ukiziweka ajali hizo 1934, utashindwa kueleza kwa nini mwaka aliopewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, 1954, hakwenda Stockholm kuipokea: bado alikuwa anauguza majeraha.

Msahihishaji
Mtego mwingine: Italia, 1918, hakuwa mwandishi wa habari. Alikuwa dereva wa ambulansi wa Msalaba Mwekundu, akajeruhiwa Julai. Uandishi wa vitani ni Hispania 1937, na Normandy, Ufaransa, 1944 majeshi ya Washirika yaliposhuka pwani, kwa jarida la Collier's. Hiyo Normandy iandike kwa uangalifu, kijana: siku ya kwanza aliifikia pwani ndani ya mashua, hakukanyaga mchanga.