Mita 10 za kwenye Boksi ni Mita 10 za Wapi?

Ndugu wanajukwaa, naandika nikiwa na hasira, lakini kabla ya kuandika nimepima kwa futi kamba kwa siku tatu mfululizo, ili asije mtu akaniambia kwamba nalalamika kwa kubahatisha. Malalamiko yangu yanahusu kidhibiti cha gemu chenye skrini yake, kile ambacho hupokea picha moja kwa moja kutoka kwenye konsoli (mashine yenyewe ya gemu inayounganishwa na televisheni) bila waya, na ambacho huuzwa kwa ahadi moja kubwa, kwamba wenzako wakitaka televisheni utawaachia, nawe utaendelea kucheza mahali pengine nyumbani humo humo. Boksi la hiki changu limeandikwa mita 10, bila nyota, bila tanbihi na bila maelezo ya ziada.

Sebuleni sina la kusema. Kutoka kwenye kochi, mita 3 hivi, picha ni safi, na hata nikienda hadi pembe ya mbali kabisa ya chumba, mita 8 kwa kipimo, haikwami. Tatizo huanza pale ninapotimiza kile hasa nilichokinunulia. Nikiingia koridoni, ukuta mmoja wa tofali ukiwa katikati, picha huanza kuchanika vipande vya mraba nikiwa mita 6 tu kutoka kwenye konsoli. Chumbani kwangu, ambako ni mita 7 ukinyoosha mstari na kuvuka kuta mbili, skrini huandika kwamba mawasiliano yamepotea, na hapo ndipo mchezo unapoishia. Jikoni ni mita 5, yaani nusu ya ahadi, lakini friji limesimama upande huo wa ukuta na huko sijawahi kupata hata dakika moja ya kucheza. Kilichonichosha zaidi ni mlango wa sebule: nikisimama pale nikiitazama konsoli, mambo ni shwari, nikiipa mgongo, picha inaganda. Kumbe hata kiwiliwili changu ni ukuta, kwa kuwa sehemu kubwa ya mwili ni maji, na maji hunyonya mawimbi ya aina hii.

Ningevumilia kukatika kama kungekuwa na adabu. Mawasiliano yanapopotea, mchezo wenyewe hausimami; unaendelea kule kwenye konsoli huku mimi nikiwa nimeshika skrini nyeusi. Yanaporudi baada ya sekunde chache, namkuta mhusika wangu ameshakufa. Mtu aliyebuni chombo kinachojua kabisa kwamba kimepoteza mawasiliano, kisha asikiagize kusimamisha mchezo papo hapo, hakuwahi kucheza nacho nje ya chumba kimoja.

Nilipowaandikia watoa huduma kwa wateja, nilijibiwa kwamba umbali hutegemea mazingira. Sawa, hutegemea. Lakini kama hutegemea mazingira, kwa nini boksi lina tarakimu moja tu, na kwa nini tarakimu hiyo ni ile ya mazingira mazuri kuliko yote, yaani uwanda mtupu usio na ukuta, friji wala binadamu? Nyumba ni kuta. Anayeuza chombo cha kutumiwa nyumbani, halafu akatoa kipimo cha mahali pasipo na kuta, hajanidanganya kwa tarakimu, amenidanganya kwa kunyamazia mahali alipopimia.

Nimejifunza mengi kuhusu jambo hili kuliko nilivyotaka, nami nayaeleza kwa sababu najua wako watakaosema kwamba simu zao zinashika Wi-Fi hadi chooni. Kidhibiti hiki hurushiwa picha kwenye masafa ya gigahezi 5, ambako mawimbi yana urefu wa sentimita 6 hivi, takriban nusu ya yale ya gigahezi 2.4. Huko kuna nafasi pana ya kupitishia picha nyingi, lakini mawimbi hayo hudhoofika haraka zaidi yanapopenya tofali, na zege lenye nondo ndilo baya zaidi. Hata pasipo ukuta wowote, umbali ukiongezeka maradufu, nguvu inayomfikia mpokeaji hubaki robo. Simu yako inayoonyesha filamu haisumbuki sana, kwa kuwa hupakua sehemu za mbele mapema na kuziweka akiba. Mawasiliano yakiyumba kwa sekunde mbili, wewe huoni chochote. Gemu haliwezi kuweka akiba, kwa sababu picha inayofuata hutegemea kitufe ambacho bado sijakibonyeza. Katika picha 60 kwa sekunde, kila moja ina milisekunde 16 na kidogo tu. Ikichelewa, basi imepotea.

Sasa sikilizeni kichekesho. Kidhibiti cha kawaida cha konsoli hiyo hiyo, kile cha vitufe tu kinachotumia Bluetooth, kinafanya kazi barabara nikiwa chumbani. Nimethibitisha kwa kumwomba mdogo wangu aketi mbele ya televisheni na kunitangazia kila hatua kwa sauti kubwa: nikibonyeza, mhusika anaruka. Taarifa za vitufe ni chache mno na zinaweza kupenya pale ambapo picha haipenyi. Kwa hiyo, chenye uwezo wa kufika mbali hakina cha kutazama, na chenye cha kutazama hakifiki popote.

Wakongwe wa gemu watakumbuka WaveBird, kidhibiti kisicho na waya ambacho Nintendo waliitolea konsoli yao ya GameCube mwaka 2002. Hakikuwa na skrini, hata mtetemo hakikuwa nao, lakini kilikuwa na kigurudumu cha kuchagulia chaneli, nazo zilikuwa 16. Chaneli moja ikiingiliwa, mchezaji alihamia nyingine kwa kidole chake mwenyewe. Changu kimeficha kila kitu. Siwezi kuchagua chaneli, siwezi kuona nguvu ya mawimbi mpaka yawe yameshakatika, na siwezi kukubali picha hafifu zaidi ili nipate mita mbili za ziada, ingawa picha hafifu inayotembea ningeipokea kwa mikono miwili.

Msiniambie ninunue kirudishio cha Wi-Fi. Kidhibiti hiki hakipitii kwenye ruta. Kinazungumza na konsoli yenyewe, kwa hiyo kirudishio kitaboresha kila kitu nyumbani isipokuwa tatizo langu. Kilichosaidia kidogo ni kuitoa konsoli ndani ya kabati la televisheni, ambako ilikuwa imebanwa nyuma ya skrini yenye bamba la chuma, na kuiweka juu, mahali pa wazi. Hapo nilipata hatua chache, hadi mlangoni kwa chumba changu, kitandani bado. Nilijaribu pia kuisogeza hadi karibu na korido kwa waya mrefu wa HDMI, ule unaopeleka picha kwenye televisheni, na kweli picha ilifika chumbani, lakini kila aliyepita alijikwaa kwenye waya huo, na siku ya pili konsoli ilikaribia kuanguka. Isitoshe, kutandaza waya sakafuni ili nitumie kitu nilichokinunua kwa sababu hakina waya ni dhihaka ambayo sikuwa tayari kuendelea nayo.

Ninachowadai watengenezaji si miujiza, maana fizikia siwezi kuishitaki. Waandike umbali bila ukuta, umbali kwa ukuta mmoja wa tofali, na umbali kwa kuta mbili. Kama kwa kuta mbili ni sifuri, waandike sifuri. Na masasisho ya programu yanayokuja kila mara kubadilisha rangi za menyu yalete kitu kimoja cha maana: mawasiliano yakikatika, mchezo usimame.

Nanyi mlio na vidhibiti vya aina hii, naomba vipimo vyenu: kuta zimejengwa kwa nini, zipo ngapi katikati, na mita ngapi kabla picha haijaanza kuchanika. Mimi kwa sasa nacheza nikiwa nimekalia kigoda koridoni, hatua moja kabla ya mahali picha inapokufa, uso nimeuelekeza sebuleni, na watu wananiruka miguu wakipita kwenda kulala.