Naomba ushauri: Krismasi ya kwanza bila mama

Wapendwa, naishi Unguja, nasali Mkunazini, kanisa lililoanza kujengwa mwaka 1873 palipokuwa soko la watumwa. Mama alifariki Machi, na ndugu zangu wote wako Bara. Tangu Majilio yaanze, usingizi sina.

Jirani yangu, bibi wa Kiislamu, kila jioni hupiga hodi na mkate wa ufuta. Hasemi mengi, anakaa nami tu mpaka nile. Mungu amzidishie.

Kwaya wananitaka niimbe mkesha wa tarehe 24. Natamani, maana sala ndiyo iliyonibakisha, ila naogopa kulia mbele za watu. Niende?

Na bibi nataka nimwalike pilau. Kuku nimwombe mwanawe achinje? Mliopitia haya, nisaidieni.