Paka wangu dume anachuchumaa kila mara, analia, na hakuna kinachotoka: naomba ushauri

Mkaazi wa Chumbageni (Jumamosi, saa 2:40 usiku)

Ndugu zangu, habari za jioni. Ninaandika nikiwa na wasiwasi mkubwa juu ya paka wangu, na ninaomba msaada wa yeyote aliyewahi kukutana na hali kama hii. Paka mwenyewe ni dume, anaitwa Shababi, ana umri wa miaka 4, amehasiwa, na alipopimwa mara ya mwisho alikuwa na kilo 5. Tunaishi Tanga mjini, na kwa sababu ya mbwa wa jirani hatoki nje. Haja zake zote anazifanyia kwenye beseni la mchanga lililoko ua wa nyuma. Chakula chake ni dagaa wakavu waliochanganywa na ugali au wali, na kwa miezi miwili sasa nimekuwa nikimwongezea chakula kikavu cha paka cha dukani.

Jana asubuhi nilimwona akiingia kwenye beseni, akichuchumaa, akijikamua, akitoka, kisha akirudi tena baada ya dakika chache. Nilidhani amefunga choo. Nilikwenda kwenye duka moja la dawa za mifugo, muuzaji akaniambia kwamba hiyo ni minyoo, nami nikampa dawa ya minyoo. Leo hali imebadilika. Anapochuchumaa anatoa mlio mzito ambao sijawahi kuusikia kwake, anajilamba sehemu za siri bila kupumzika, ametapika mara mbili tangu adhuhuri, hajala chochote, na nilipotaka kumbeba kwa kumshika tumboni alinikwaruza, jambo ambalo hajanifanyia tangu nimlee. Sasa hivi amejikunyata chini ya kitanda, masikio yamelala pembeni na macho ameyafumba nusu. Wiki hii nyumba yetu imejaa wageni wa arusi, kwa hiyo ninaogopa pia kwamba huenda mtoto alimkanyaga, au alikula sumu ya panya mahali fulani. Je, niangalie nini ili nijue ni kipi kati ya hivyo? Na je, ninaweza kumpa robo ya kidonge cha parasetamoli ili maumivu yapungue alale?

Bi Ukaya (Jumamosi, saa 2:58 usiku)

Pole sana, mwanangu. Mimi nimefuga paka tangu nikiwa msichana, na paka akijikamua namna hiyo kwetu tulimpa kijiko cha mafuta ya nazi, choo kikalainika, akapona. Mpe na maziwa ya uvuguvugu. Hiyo robo ya kidonge sioni ubaya wake, maana hata watoto wachanga hupewa dawa hiyo ya maji.

Daktari wa Zizi (Jumamosi, saa 3:05 usiku)

Ndugu wa Chumbageni, tafadhali usimpe hiyo parasetamoli, hata robo. Bi Ukaya, shikamoo, na uniwie radhi kwa kukupinga mbele ya watu, lakini hapa dakika zina thamani. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo kama ini la binadamu au hata la mbwa. Inapobaki mwilini, inaiharibu damu hadi ishindwe kubeba hewa, ufizi unageuka rangi ya kahawia au samawati, uso unavimba, na paka anakufa. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka mzima, na kipande chake kinatosha kumdhuru. Ibuprofeni na diklofenaki nazo usiziguse. Mafuta ya kumnywesha kwa nguvu paka anayetapika yanaweza kuingia kwenye mapafu, kwa hiyo nayo yaache.

Sasa naomba unijibu maswali matatu. Kwanza, chekecha mchanga wote wa beseni: je, kuna kinyesi cha jana au leo, na je, kuna bonge lolote la mchanga uliolowa mkojo? Pili, mara ya mwisho uliyomwona akikojoa kwa uhakika, mkojo ukaonekana, ilikuwa lini? Tatu, mtoe chini ya kitanda kwa taulo, weka kiganja chako chini ya tumbo lake karibu na miguu ya nyuma, na uguse kwa wepesi kabisa: je, kuna kitu cha mviringo, kigumu, kama chungwa dogo? Usikibinye wala usijaribu kukikamua, kwa sababu kibofu kilichojaa kupita kiasi kinaweza kupasuka.

Mkaazi wa Chumbageni (Jumamosi, saa 3:31 usiku)

Nimechekecha mchanga wote. Kuna kinyesi cha kawaida, kilaini, ambacho kwa kadiri ninavyoona ni cha jana jioni. Mkojo hakuna. Kuna matone mawili tu kwenye ukingo wa beseni, yana rangi ya waridi. Alhamisi usiku niliondoa mabonge mawili makubwa, na tangu wakati huo sikumbuki kuona jingine. Hicho kitu cha mviringo kipo. Ni kigumu, kikubwa kuliko ndimu, na nilipokigusa tu alipiga kelele. Nimeiacha parasetamoli, na nimeificha.

Daktari wa Zizi (Jumamosi, saa 3:38 usiku)

Basi si choo kilichofunga, na dalili zake hazifanani na za sumu ya panya. Njia ya mkojo imeziba. Nimetibu ng'ombe kwa miaka mingi kuliko paka, lakini hii ni mojawapo ya hali ambazo sisi sote tunazitambua hata kwa kusimuliwa, kwa sababu dume anayejikamua bila kutoa mkojo, mwenye kibofu kigumu, anayejilamba na kutapika, hana maelezo mengine mengi. Mrija wa mkojo wa paka dume ni mwembamba mno karibu na ncha, na huzibwa na kizibo cha ute uliochanganyika na chembechembe kama mchanga, au na vijiwe vidogo, au wakati mwingine na uvimbe na mkazo wa mrija wenyewe. Jike naye hupata uvimbe wa kibofu, lakini mrija wake ni mpana zaidi na ni nadra kuziba.

Sababu ya kukuharakisha ni hii: mkojo usipotoka, shinikizo hurudi kwenye figo, takataka ambazo zingetolewa hubaki kwenye damu, na potasiamu hupanda hadi mapigo ya moyo yanaanza kupungua. Kutapika kwake leo huenda ni ishara kwamba hatua hiyo imeanza. Paka aliyeziba kabisa anaweza kufa ndani ya siku mbili au tatu, na wewe umeshatumia karibu siku mbili. Usisubiri kesho. Mpigie daktari wa mifugo yeyote mjini, mwambie kwa maneno haya haya: paka dume, kibofu kimejaa, hakojoi tangu Alhamisi usiku. Akisema hana mpira wa mkojo wa paka, usikate simu kabla hamjajua mbadala, kwa sababu mpira mwembamba wa kulishia watoto njiti unapatikana kwenye maduka ya vifaa vya hospitali, na akikosa kabisa anaweza kuutoa mkojo kwa sindano kupitia ukuta wa tumbo ili kununua muda. Kazi hiyo ni yake, si yako.

Bi Ukaya (Jumamosi, saa 3:50 usiku)

Marahaba, Daktari, nimekuelewa, na ninayafuta niliyosema. Wale paka wangu waliopona kwa mafuta ya nazi, nikikumbuka vizuri, wote walikuwa majike. Mwanangu, kimbia.

Mkaazi wa Chumbageni (Jumapili, saa 4:20 asubuhi)

Ninawajulisha kwamba yuko hai. Daktari wa tatu niliyempigia alikubali kufungua chumba chake saa 5 usiku. Alipomsikiliza moyo alihesabu mapigo 110 kwa dakika, akanieleza kwamba paka mwenye maumivu na hofu alipaswa kuwa na mapigo karibu mara mbili ya hayo, kisha kabla ya jambo lolote akamwekea dripu na kumpa kalsiamu polepole kwenye mshipa ili kuulinda moyo. Baadaye alimchoma dawa ya usingizi. Kwenye ncha ya uume kulikuwa na kizibo cheupe, kizito kama dawa ya meno. Alikisugua taratibu kwa vidole kikatoka, lakini juu yake kulikuwa na kingine, akalazimika kukisukuma kwa maji ya chumvi kupitia mpira mwembamba. Mkojo uliotoka ulikuwa mwekundu mzito kama maji ya rosela, na ulikuwa mwingi kiasi ambacho sikuamini mnyama wa kilo 5 anaweza kuubeba. Mpira umeshonwa, utabaki kwa siku mbili. Nililia pale mlangoni, wala sioni haya kusema.

Kaskazi (Jumapili, saa 6:05 mchana)

Tunashukuru. Mimi niko Mombasa, na dume wangu aliziba mara tatu, kwa hiyo naomba nikueleze ambacho mimi sikuelezwa mapema. Kuzibuliwa ni nusu ya kazi. Wiki chache za mwanzo ndizo zenye hatari kubwa ya kuziba tena, na mara ya kwanza ya kwangu ilirudi siku ya sita. Dagaa wakavu wana chumvi na madini mengi, na paka kwa asili hanywi maji ya kutosha kufidia ukavu wa chakula chake. Chakula kikavu cha dukani kina maji kama sehemu moja tu kwa kumi, ilhali nyama au samaki waliochemshwa wana maji zaidi ya nusu ya uzito wao. Nilihamia samaki wabichi waliochemshwa na kutolewa miiba, kuku, na moyo wa ng'ombe, nikiongeza ule mchuzi wake usio na chumvi, kitunguu maji wala kitunguu saumu, kwa sababu vitunguu pia ni sumu kwao.

Daktari wa Zizi (Jumapili, saa 2:15 usiku)

Ninaunga mkono, kwa tahadhari moja: vyakula vya nyumbani peke yake kwa muda mrefu huwa na mapungufu, kwa hiyo kama unaweza, changanya na chakula cha paka cha kopo, au ukiendelea na kile kikavu, kiloweke. Pia usishangae iwapo daktari wako hatatoa antibiotiki. Kwa paka wa miaka 4, chanzo cha tatizo hili mara chache huwa ni bakteria. Wageni wa arusi, kwa upande mwingine, sitawapuuza: mfadhaiko ni mojawapo ya vichocheo vinavyojulikana vya uvimbe wa kibofu kwa paka, na beseni lililoko uani ambako watu wanapita kutwa nzima linaweza kumfanya ajizuie. Mpe chumba chenye utulivu na beseni la pili. Akiziba mara kwa mara kuna upasuaji wa kupanua njia, na hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro ni mahali pa kuulizia.

Mkaazi wa Chumbageni (Ijumaa, saa 1:30 usiku)

Mpira ulitolewa Jumanne jioni, wakamwacha hadi Jumatano wakihakikisha anakojoa mwenyewe. Wageni wameondoka. Beseni moja liko chumbani kwangu, jingine stoo, na ninachekecha asubuhi, adhuhuri na usiku, nikiandika kwenye daftari. Leo nimepata mabonge matatu, la alfajiri likiwa na ukubwa wa yai la kuku, bila rangi ya damu. Amekula samaki aina ya changu aliyechemshwa pamoja na mchuzi wake wote. Daktari amenipa sharti moja, nami nimelibandika ukutani juu ya beseni: akijikamua bila bonge kuonekana, nimpigie saa hiyo hiyo, hata ikiwa saa 9 usiku.