Mlioomba uuguzi mkiwa tayari na digrii nyingine: tupeane uzoefu, hasa wa kusubiri majibu

Binti wa Muheza
Wakuu, habari za saa hizi. Hapa Worcester, Massachusetts, ni saa kumi alfajiri, niko kwenye mapumziko ya shifti, na tangu niingie saa tano nimeshafungua akaunti ya chuo mara nne. "Maombi yako yanapitiwa." Sentensi hiyo hiyo tangu Novemba, hata nukta haijasogea.

Kifupi changu: nina BCom ya nyumbani, nilimaliza 2014. Nilipofika huku nikafanya CNA, yaani msaidizi wa nesi, kama wengi wetu, maana ndiyo kazi ambayo mtu wa kanisani kwako atakutafutia kabla hujamaliza kufungua begi. Nilidhani ni ya miezi sita. Miaka minne ya kuwageuza wazee kitandani kila baada ya saa mbili wasipate vidonda, nikajikuta naipenda kuliko nilivyowahi kupenda vitabu vya hesabu. Nikarudi komyuniti koleji kusoma anatomia, fiziolojia, mikrobiolojia, kemia na takwimu, halafu nikaomba ile BSN (digrii ya uuguzi) ya haraka ya watu wenye digrii tayari, ya miezi 12 hadi 18. Vyuo vinne. Kimoja kimenikataa, kimoja kimeniweka kwenye orodha ya kusubiri, viwili kimya.

Naomba waliopita na walio njiani waeleze ilivyokuwa kwao. "Mungu atafungua njia" nimeshaambiwa na kila mtu, amina, nimepokea. Sasa nataka mliyoyaona kwa macho yenu.

Kijana wa Kitui
Dada, pole na shifti. Mimi niko Minnesota, nilikuja na digrii ya ualimu.

Mimi sikukwama kwenye kusubiri majibu, nilikwama kwenye bahasha. Chuo nilichokuwa nikitaka kilidai digrii yangu ya Kenya ipitiwe na WES, shirika la kulinganisha vyeti vya nje, somo kwa somo, na transkripti itoke chuoni kwetu moja kwa moja ikiwa imefungwa na muhuri umepigwa juu ya mkunjo. Chuo kile cha nyumbani, sitakitaja, hakikuwa kikijibu imeili. Nikamtuma binamu yangu. Akapanda matatu, akapanga foleni siku mbili, akalipa, akapewa bahasha imefungwa vizuri kabisa. Na kwa sababu ni mtu mwema, akaifungua ili aipige picha anitumie kwenye WhatsApp nihakikishe maksi ziko sawa.

Nilipoona ile picha nilikaa chini jikoni.

Tulianza upya. Halafu ya pili ilipofika ikaonekana jina kwenye digrii lina majina matatu na kwenye pasipoti ni mawili, tena yamepinduliwa. Ikabidi kiapo cha mwanasheria. Hadi mambo yanyooke, siku ya mwisho ya maombi ilikuwa imepita wiki tatu. Mwaka mzima ukaenda hivyo.

Kwa hiyo anayesoma hapa na bado hajaanza: anza na transkripti. Kabla ya mtihani, kabla ya esei, kabla hata hujajua unaomba wapi. Na mtu wako wa nyumbani mwambie kwa sauti, tena mara mbili, ASIFUNGUE.

Mkwezi
TEAS, ule mtihani wa kuingilia uuguzi, ndiyo iliyoninyoosha. Maswali 170, dakika 209, sehemu nne: kusoma, hesabu, sayansi na Kiingereza. Nilikesha wiki sita na mifupa na homoni, sayansi nikapata vizuri, halafu nikaangukia kwenye kusoma! Siyo kwamba sielewi Kiingereza. Ni kasi. Sisi tumefundishwa kusoma habari yote taratibu ndipo ujibu, pale ukifanya hivyo muda unakuishia na maswali kumi hayajaguswa. Nilirudia, safari hii nikawa nasoma swali kwanza. Ilitosha.

Na angalieni umri wa masomo yenu ya sayansi. Vyuo vingine havipokei anatomia iliyozidi miaka mitano, vingine saba. Mimi nilikuwa na A ya miaka minane iliyopita. A nzuri, imechacha.

Shangazi wa Leicester
Wanangu, naongezea ya Uingereza, maana humu wote mko Marekani. Kwetu huku inaitwa MSc ya uuguzi ya kabla ya usajili, miaka miwili badala ya mitatu, na ule mwaka mmoja unaosamehewa hausamehewi bure. Unaandaa faili la kuonyesha kwamba digrii yako na kazi zako za nyuma zina kitu cha kuhesabiwa. Mimi nilisoma masomo ya maendeleo, basi nikakaa kuthibitisha kwamba takwimu za kilimo zina uhusiano na afya. Zinao, ukizibana. Saa za kazi ya kulea wazee nazo zilibidi meneja azisainie, na meneja mwenyewe alikuwa amehamia Wales.

Usaili ndio nataka kuusema. Mama mmoja aliniuliza: mgonjwa ana miaka 80, hataki kuoga, utafanyaje? Nikajibu kama nilivyolelewa Tanga: nitamwambia, haya bibi, amka mwanangu, maji yameshapata moto, usinitie aibu mbele za watu. Wakatabasamu. Mama akauliza tena, polepole, "Na akisema hapana?" Hapo ndipo nikashtuka. Kumbe swali halikuwa la kuoga, lilikuwa la ridhaa. Kwamba mzee mwenye akili zake timamu akisema hapana ni hapana, unamuuliza kwa nini, labda anaona baridi, labda hataki mwanamume, labda ni siku yake ya kufunga, unarudi baadaye, unaandika kwenye faili. Nikajirekebisha papo hapo. Nadhani walinipa nafasi kwa kule kujirekebisha, lile jibu la kwanza lingenitoa.

Sasa kusubiri. Machi nikapata nafasi yenye masharti, nikapiga vigelegele hadi jirani akagonga ukuta. Sikujua kwamba hapo ndipo kusubiri kunaanza. Ukaguzi wa DBS (rekodi ya makosa ya jinai ya huku), cheti cha polisi cha tabia njema kutoka nyumbani kwa sababu niliishi huko nikiwa mtu mzima, alama za vidole, idara ya afya kazini, chanjo. Barua ya mwisho ya kuondoa masharti ilikuja Septemba, siku tisa kabla ya kuanza. Kwa hiyo Binti, ukipata ndiyo, usiache kazi siku hiyo hiyo.

Kwa walio na ukaazi huku: serikali inatoa pauni 5,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa uuguzi na hazirudishwi, na mkopo wa ada unaruhusiwa hata kama ulishasoma digrii nyingine. Mwenye viza ya mwanafunzi asijihesabu humo.

Daftari Jekundu
Shangazi umetaja hela, ngoja nimalizie upande wa Marekani, kwa sababu watu wetu wanaumizwa hapa na wanaona haya kusema.

Ukiwa na digrii ya kwanza, hata iwe ya Dodoma au Eldoret, hupati Pell Grant, ile ruzuku ya serikali isiyorudishwa. Imekwisha. Unabaki na mikopo, nayo ina kikomo: kwa anayejitegemea, mikopo ya serikali ya ngazi ya shahada ya kwanza haivuki jumla ya dola 57,500. Nami naona ada za hizi programu za haraka zinavyokwenda, kikomo hicho unakigusa ukiwa bado una semista. Tena wengi wanakushauri usifanye kazi wakati unasoma. Nani analipa kodi?

Sasa kuna "wataalamu" kwenye mitaa yetu wanakwambia, ficha digrii ya nyumbani, andika kwenye FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa ada, kwamba huna. Niliambiwa hivyo na mtu ninayemheshimu, msibani, tena kwa upendo. Nilikaribia. Kilichoniokoa ni hesabu ndogo tu: chuo kile kile ninachokiomba nafasi kwa kutumia digrii ndicho kitakachopokea FAFSA inayosema sina digrii. Na mbele kuna leseni, ambako watauliza uaminifu wako. Pesa ya Pell haifiki hata robo ya hasara hiyo.

Gamba la Kobe
Mimi nitakuwa mpinzani kidogo. Nilikataliwa BSN ya haraka mara mbili. Mara ya tatu sikuomba. Nikaenda komyuniti koleji nikasoma ADN, ile diploma ya uuguzi ya miaka miwili, nikawa nafanya kazi wikiendi, nikafanya NCLEX, mtihani wa leseni, ile ile wanayofanya wa BSN. Ile ile! Maswali hayajui umetoka wapi. Kompyuta ilinizimikia swali la 85, nikalia kwenye maegesho nikidhani nimeanguka, kumbe 85 ndio kiwango cha chini na nilikuwa nimefaulu.

Najua kinachotuzuia. Ukiwa na digrii, kurudi kwenye diploma unajiona kama umerudishwa darasa. Kwenye simu na nyumbani utaelezaje? Mama yangu bado anawaambia watu nasoma "masters ya udaktari". Nimemwacha. BSN yangu nikaja kuimalizia mtandaoni nikiwa na mshahara wa RN, nesi mwenye leseni. Hospitali kubwa za mijini zinapenda BSN, hilo kweli, kwa hiyo chunguza mji wako kwanza. Ila usikae miaka mitatu ukingojea mlango mmoja huku wa pembeni uko wazi.

Posta Mpya
Samahani wakuu, nauliza tu, Bongo hii ipo? Nina digrii ya sosholojia, niko Dar, niko tayari kuvaa gauni jeupe hata kesho.

Shangazi wa Leicester
Mwanangu, nyumbani watakuuliza fizikia, kemia na baolojia zako za kidato cha nne, sosholojia wataiweka pembeni. Ukiwa umefaulu hizo, diploma ni miaka mitatu kwenye vyuo vilivyo chini ya NACTVET, baraza la vyuo vya ufundi. BSc pale Muhimbili ni minne, nayo inataka masomo ya sayansi ya kidato cha sita. Kayatoe matokeo yako kabatini uyaangalie, halafu urudi.

Posta Mpya
Fizikia F. Asante shangazi.

Nyanya Chungu
Binti, wewe uko kwenye orodha ya kusubiri, mimi nilitokea huko, basi nisikilize.

Mei, Jumanne, simu ikaita mara mbili namba nisiyoijua. Sikupokea. Namba za hivyo huku ni matapeli wa kuuza warranti ya gari, na gari lenyewe sina. Jioni ndipo nikasikiliza ujumbe: mtu mmoja ameacha nafasi, nijibu ndani ya saa 48 na nilipe dola 500 zisizorudishwa. Saa saba zilikuwa zimeshaliwa na ujanja wangu. Pokea simu, dada. Na ile folda ya spamu uifungue kila siku.

Wakati nasubiri nilifanya jambo moja lililosaidia: niliwaandikia barua fupi kwamba bado nawataka, na kwamba nimemaliza somo la lishe nikapata A. Aya mbili. Sikujieleza maisha yangu. Esei yangu ya kwanza ilikuwa ya maisha yangu, bibi alivyougua kijijini na mimi nikaapa kuwa nesi. Mwalimu wangu wa koleji akaisoma akaniambia, mwaka huu peke yake nimeshazika bibi ishirini. Nikaifuta, nikaandika juu ya mzee mmoja wa wadi yangu aliyekuwa akiniita kwa jina la mwanawe aliyekufa vitani, na usiku ambao sikujua kama niitike. Sikuandika kama niliitika au la.

Jambo la mwisho ambalo hakuna aliyeniambia: kipimo cha TB. Wakikupiga ile sindano ya ngozini, sisi tuliochanjwa BCG utotoni mkono unaweza kuvimba hata kama huna TB. Wangu ulivimba kama andazi. Chuo kikataka eksirei, eksirei ikataka miadi, miadi ikawa baada ya siku ya mwisho ya kuleta karatasi za afya. Nilipiga simu kila asubuhi hadi mama wa mapokezi akaijua sauti yangu. Omba kipimo cha damu tangu mwanzo, hicho hakidanganywi na BCG. Waonyeshe kovu kabisa.

Binti wa Muheza
Nimesoma yote, mengine mara mbili. Nyanya Chungu, kipimo cha damu nimeshauliza, kliniki ya kazini wanacho. Gamba la Kobe, umenikera, na nimefungua ukurasa wa ADN ya hapa Worcester, nimeona siku yao ya mwisho.

Mrejesho: chuo cha tatu kimejibu juzi. Hapana. Barua nzuri, wamenishukuru kuliko nilivyowahi kushukuriwa kazini. Kwa hiyo bado kimoja kimya na kimoja orodha. Jana nimekipelekea hicho cha orodha aya mbili.

Leo saa tatu asubuhi nimelala, simu ikaita, namba ngeni inayoanza na 508. Nikakumbuka habari ya warranti, nikaruka kitandani, nikaipokea kwa ile sauti yangu ya Kiingereza cha ofisini. Alikuwa dada mpya wa kupanga shifti. Wamepungukiwa na watu usiku, ghorofa ya tatu, naweza kuingia?

Nimemwambia naingia. Nitafungua akaunti saa kumi, kwenye mapumziko.